Kitabu kimewafanya wanangu wanyimane: nikitupe?

Swali:

"Daktari, habari za kazi. Naishi Busia, upande wetu wa Uganda. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 6 na wa kike miaka 3 na nusu. Shangazi yao aliwaletea kitabu cha picha kutoka Kampala. Ni hadithi ya kaka na dada wanaochangia kila kitu: peremende iliyokwisha lambwa, kikombe, taulo, mpaka mswaki. Mmoja anaugua mafua, wa pili naye anaugua, mwisho wanajifunza kuacha kuchangia. Nimewasomea karibu kila usiku, nikikigeuza kwa Kiswahili. Sasa mkubwa ameficha kikombe chake, hataki kula sahani moja na mdogo wake, na akimkaribia anamwambia 'toka, una vijidudu'. Mdogo analia, na siku hizi anajificha nyuma ya mlango akila. Mama mkwe anayekaa nasi amekasirika. Anasema nimewafundisha watoto uchoyo, na kwamba yeye alilea watoto tisa kwa sinia moja. Mume wangu anasema tukitupe tu. Lakini mwaka 2024 macho mekundu yalizunguka nyumba nzima, na sasa mtoto wa jirani anameza dawa za TB, nami naogopa. Nikitupe? Ni vitu gani hasa watoto wasichangie? Na huyu mkubwa nimrudishe vipi bila kumchanganya?"

Jibu:

Mama, asante kwa kunieleza kwa kirefu. Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili zinazovutana. Ukiwaachia wachangie kila kitu, utayaona tena yale macho mekundu. Ukiwakataza, utalea watoto wa kunyimana, na huyu mdogo atakua akijiona uchafu. Niseme mapema: kitabu usikitupe, na mama mkwe usimbishie. Kitabu kinazungumzia mswaki, yeye anazungumzia sinia, na kila mmoja yuko sahihi kwa anachokisema. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka 6 amesikia hayo mawili kama jambo moja.

Nianze na watoto kabla ya vijidudu, maana hapo ndipo panapouma.

Kijidudu hakionekani. Vitabu vingi vya aina hii huvichora vikiwa na macho na meno, na mtoto huamini kabisa kwamba vipo hivyo. Lakini akitazama mezani haoni chenye meno. Anamwona dada yake. Basi sheria iliyokuwa ya mswaki inahamia kwa mtu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza tangu mwaka 1932 kwamba watoto wa umri huu huichukua kanuni kama kitu kisichopindika, na kwamba ni wepesi kuamini kuwa anayepatwa na baya amelipata kwa kosa lake. Kwa mkubwa wako, hiyo ina maana kwamba sheria haina "isipokuwa". Kwa mdogo inauma zaidi: nikiitwa mwenye vijidudu, basi mimi ni mtoto mbaya. Mtoto anayejificha nyuma ya mlango akila hajawa mchoyo, Mama. Ana aibu. Huyo ndiye wa kushughulikiwa kwanza, hata kama anayepiga kelele ni yule mwingine.

Mkubwa naye, kuna jambo ningependa ulichunguze mwenyewe kwa siku chache. Akipewa chai kwenye kikombe alichonywea baba yake, anakikataa? Akiwa nje na rafiki zake wanapokezana muwa, anauliza habari za vijidudu? Kama anaviogopa vya dada yake peke yake, basi hakimbii vijidudu. Mtoto wa kwanza katika nyumba zetu husikia neno moja kutwa nzima: mwachie mdogo. Mpira, mwachie mdogo. Kipande cha nyama, mwachie mdogo, wewe ni mkubwa. Kitabu kimempa, kwa mara ya kwanza, sababu ya kukataa ambayo mtu mzima hawezi kuipinga, na ameishika kwa mikono miwili. Kwa jinsi ulivyonieleza kile kikombe kilichofichwa, mimi naamini zaidi upande huu.

Wala usidhani uchoyo umeshaota mizizi. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa nchi saba, Uganda ikiwa mojawapo, pamoja na Marekani, Kanada, Meksiko, Peru, India na Senegali. Watoto wawili walikaa wakitazamana, na mmoja aliamua kama mgao wa peremende ukubaliwe, au ukataliwe wakose wote wawili. Kila nchi, watoto waliukataa mgao uliowapunja wao wenyewe. Lakini kukataa mgao unaompunja mwenzako, kukubali kukosa kuliko kupata zaidi yake, kulionekana katika nchi tatu tu, nazo ni Marekani, Kanada na Uganda. Na kulijitokeza kwa watoto waliokwisha kukua kidogo, si kwa wadogo wa miaka minne. Moyo wa kumfikiria mwenzake unakuja kwa umri na kwa anachokiona nyumbani, na watoto wetu wanaufikia. Wako ana miaka 6. Bado yuko njiani.

Kwa hiyo mpe vitu viwili au vitatu ambavyo ni vyake kweli. Sanduku dogo, mswaki, kikombe hicho hicho alichokificha. Vitu hivyo hakuna anayevigusa bila kumwomba, hata bibi. Mdogo naye apewe vyake, na mkubwa aambiwe mbele yake kwamba sheria ni ile ile kwake. Mtoto aliye na hakika kwamba chake hakitachukuliwa kwa nguvu hutoa kwa urahisi kuliko aliyezoea kunyang'anywa kwa jina la upendo. Kwenye chakula fanya hivi: ikiwa chapati ni moja, mmoja anaikata na mwenzake anachagua kwanza. Utashangaa mkataji atakavyopima kwa jicho, akisogeza kisu huku na huku, kwa sababu anajua kipande kidogo kitamrudia yeye. Na chapati ikatwe kabla haijaumwa na mtu. Hapo wamegawana, na mate ya mmoja hayajafika kwa mwenzake.

Sasa vitu vyenyewe. Ili ugonjwa uhame kutoka mtoto mmoja kwenda kwa mwingine, kijidudu lazima kitoke mahali fulani mwilini, kibebwe na kitu, kiingie mahali fulani. Ukijua kinatoka wapi, hutahitaji orodha.

Mswaki una mate, na fizi za watoto hutoka damu mara kwa mara, hata usipoiona. Bakteria wanaotoboa meno hawazaliwi na mtoto. Huwapata kwa mate ya wanaomlea, mara nyingi mama mwenyewe, anapoonja uji kwa kijiko kile kile anachomlishia. Kwa hiyo kila mtoto na mswaki wake, ufungwe uzi wa rangi yake kwenye mpini ili hata wa miaka 3 aujue, na isilazwe vichwa vikigusana. Peremende iliyotoka mdomoni isiingie mdomo mwingine. Hapo kitabu kimesema kweli tupu.

Wembe unanihofisha kuliko kikombe, na nina hakika haumo kwenye kitabu. Nyumba nyingi zina wembe mmoja uliochomekwa dirishani: unakata kucha za baba, kesho unakata za mtoto, keshokutwa unamnyoa mwingine kichwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka usiyoiona kwa macho. Uganda ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa hii mwaka 2002, ikiwa ndani ya sindano ya mchanganyiko ya wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo wako huenda wanayo. Angalia kadi zao. Watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Wembe uwe wa mtu mmoja, kisha utupwe. Na sindano za kutoboa masikio zifuate sheria hiyo hiyo.

Macho mekundu yaliyowasumbua mwaka 2024 hubebwa na mikono na vitambaa. Mtoto anajifuta jicho, anashika taulo, mwenzake anajifuta kwa taulo hilo hilo. Kuna ugonjwa mwingine unaopita njia hiyo hiyo na ni mbaya zaidi, trakoma, uliosumbua sana watu wa Busoga na Karamoja: maambukizi yakirudi mwaka baada ya mwaka, ukope hujikunja ndani, nywele zake zinakwaruza jicho mpaka mtu anapoteza uwezo wa kuona. Dawa ya hili haihitaji fedha nyingi. Chukua taulo moja kuukuu, likate vipande vitano, vishone kingo visichanike, kila mtu na chake cha uso, kila kimoja na msumari wake ukutani, na mchana vianikwe juani. Nyuso za watoto zioshwe kila siku, mara zaidi ya moja kama zimechafuka. Na macho yakiwa mekundu msiyatilie maziwa ya mama wala majani. Jicho lililoungua kwa dawa za kubahatisha huchukua muda mrefu zaidi kupona kuliko lile la virusi.

Kichwani kuna mapunye. Yanahama kwa kitana, kofia, na mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Akiyapata, usipoteze fedha kwa mafuta ya kupaka peke yake. Fangasi huyu amejificha kwenye shina la unywele na huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, inayoandikwa kituoni. Upele unaowasha usiku ni habari nyingine: huo huhama ngozi kwa ngozi, kwa kulala pamoja, na kutenganisha vikombe hakusaidii chochote. Ukimwingia mmoja, watu wote wa nyumba hiyo hupaka dawa siku moja, na nguo na mashuka yakafuliwa.

Maji. Mna wasiwasi na kikombe, na mimi ningeuliza kikombe kinaingiaje kwenye mtungi. Mkono unaokizamisha ndani ndio unaochafua maji ya watu wote, na maji yaliyochafuliwa hivyo huleta kuhara na homa ya matumbo. Mimina kutoka kwenye dumu, au tumia kata yenye mpini mrefu isiyoguswa na mdomo. Hivyo hivyo kwa kunawa kabla ya kula: watu sita wakinawa kwenye beseni moja, wa mwisho ananawa uchafu wa watano. Mmoja amimine kwa jagi huku wengine wakinawa kwa sabuni, au mtengeneze kibuyu chirizi pale mlangoni.

Kuhusu mafua nitakuwa mkweli, kwa sababu hapa kitabu kimeahidi kupita kiasi. Watoto wadogo wanaweza kuugua mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka na bado wakawa watoto wenye afya. Wanao wanalala chumba kimoja, wanacheza pua kwa pua, wanashikana mikono. Mmoja akipiga chafya, mwenzake ameshavuta hewa hiyo kabla hata hajafika kwenye kikombe. Kutenganisha vikombe wakati mmoja anaumwa ni jambo jema na linapunguza kidogo. Kunawa mikono kunapunguza zaidi. Lakini usimwambie mkubwa kwamba asipochangia hataugua. Ataugua, kisha atatafuta wa kumlaumu, na unajua atakayelaumiwa.

Kitu ambacho ningeomba waandishi wa vitabu vya watoto wakiandike kwa herufi kubwa ni dawa. Hakuna kitu watoto wa nyumba moja wasichopaswa kuchangia kama dawa, na hakuna kinachochangiwa zaidi. Chukua Coartem, dawa ya malaria ambayo kila nyumba Uganda inaijua. Kipimo chake hufuata kilo za mtoto. Mwenye kilo 5 hadi 14 humeza kidonge 1 asubuhi na 1 jioni kwa siku 3, yaani vidonge 6. Mwenye kilo 15 hadi 24 humeza viwili viwili, yaani 12. Sasa tuseme mkubwa wako ana kilo 19, amepimwa ana malaria, amepewa vidonge 12. Siku ya pili ameshachangamka, anacheza. Mdogo anapata joto usiku. Mama yeyote mwenye huruma, kituo kiko mbali na usiku umeingia, atafikiri: zimebaki sita, na huyu kipimo chake ni sita. Akimpa, mkubwa amekunywa nusu dozi. Huenda vimelea vimebaki kwenye damu yake, vimejificha tu, na malaria inaweza kurudi wiki chache baadaye. Mdogo naye huenda hakuwa na malaria kabisa. Alikuwa na kichomi au maambukizi ya sikio, na siku tatu za kumsubirisha dawa ifanye kazi zimepotea. Hata mabaki ya shira ya antibayotiki yanayokaa juu ya kabati ni hivyo hivyo. Dozi ya mtoto mmoja imalizwe na mtoto huyo, na mwingine akiugua apimwe yeye. Nikiambiwa nichague sheria moja ya kubaki nyumbani kwenu, ningechagua hii na kuuacha hata mswaki.

Na yapo ya kuchangia bila woga wowote. Sinia ni mojawapo. Watoto walionawa kwa sabuni, kila mmoja akila upande wake, chakula kikiwa cha moto, hawana ubaya, na wanachopata pale hakipatikani kwenye sahani ya peke yako: wanajifunza kumsubiri mwenzao, kumsogezea nyama, kujua nani hajashiba. Mama mkwe wako analinda jambo lenye thamani. Mwenye mafua mazito, kuhara au kutapika apakuliwe pembeni kwa siku hizo, akae karibu na wenzake, kisha arudi siniani.

Chandarua nacho kichangiwe, tena kwa lazima. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Malaria haihami kwa kulala pamoja. Mbu ndiye anayeileta. Nimelitaja kwa sababu mtoto aliyeambiwa "msichangie" anaweza kukataa kulala chini ya neti moja na dada yake, na hapo kitabu cha kuzuia magonjwa kitakuwa kimeleta ugonjwa.

VVU haviambukizwi kwa kikombe, sahani, choo, kukumbatiana wala kulala kitanda kimoja. Tafadhali hilo lisemwe wazi mbele ya watoto hata kama hawajauliza, maana katika kila darasa la Uganda anaweza kuwemo mtoto anayemeza dawa kila siku, na neno "una vijidudu" likimfikia huyo linaua kitu ndani yake.

Mtoto wa jirani mwenye TB, sasa. Familia nyingi humtengea mgonjwa wa TB sahani na kijiko, zikaamini zimejikinga. TB haipiti kwenye sahani. Inapita kwenye hewa, mtu mwenye TB ya mapafu anapokohoa ndani ya chumba kilichofungwa ambamo wengine wanakaa muda mrefu. Dirisha lililo wazi linakulinda kuliko sahani mia. Watoto wadogo wenye TB, kwa kawaida, huwaambukiza wengine kwa nadra, kwa kuwa kikohozi chao hakitoi vimelea wengi. Mara nyingi wao wameambukizwa na mtu mzima aliye karibu nao. Na anayemeza dawa vizuri uwezo wake wa kuambukiza unashuka haraka. Wanao wakicheza naye uani hakuna shida. Swali la kuuliza ni hili: wanao huwa wanalala huko, au kushinda ndani kwa saa nyingi na mtu mzima anayekohoa? Kama ndiyo, mwambie mhudumu wa kituo, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka 5 aliyekaa karibu na mwenye TB huchunguzwa na anaweza kupewa dawa ya kinga.

Tukirudi kwenye kitabu. Kipumzishe wiki moja au mbili, bila kutangaza kwamba kimefanya kosa; kiweke tu mahali pa juu. Ukikirudisha, kisome mchana, si usiku wakienda kulala, kwa sababu hofu ya usiku haina wa kuijibu. Kwa vile unakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, una uhuru ambao mama anayesoma neno kwa neno hana. Kila panaposema usimpe ndugu yako, wewe sema habari ya kitu: mswaki una mwenyewe, kitambaa cha uso kina mwenyewe. Kisha simama kwenye picha uulize: hawa wawili wanaweza kuchangia nini bado? Mpira. Mkeka. Hadithi. Ndizi ikimenywa na kukatwa. Mwache mdogo ajibu kwanza. Na ukifika ukurasa ambapo mmoja anaumwa, uliza aliyepona atamfanyia nini: atamletea maji, atamwimbia, atakaa pale mlangoni amwambie habari za shule. Watoto waliosikia redioni mambo ya Ebola mwaka 2022 na tena mapema mwaka 2025 wameshajua "usimguse". Sehemu ya pili, ya kumtunza mgonjwa bila kumtenga, inabidi waipate kwako.

Kwa mkubwa, mwite peke yake. Usimwaibishe mbele ya bibi. Mwambie hivi au karibu na hivi: "Ulikuwa na haki kutaka kikombe chako, na kuanzia leo ni chako. Lakini watu wote wana vijidudu, mimi ninavyo, wewe unavyo, baba anavyo. Katika nyumba hii hatumwambii mtu toka kwa sababu ya vijidudu." Kisha mpe kazi: yeye ndiye anayemmiminia dada yake maji ya kunawa kabla ya kula. Aliyekuwa akimfukuza mezani ndiye sasa anayemkaribisha. Msimlazimishe kuomba msamaha kwa maneno. Kazi hiyo inatosha, na inarudiwa kila siku. Mdogo mketishe karibu na wewe au bibi wakati wa kula, mlango ule uachwe wazi, asiulizwe kwa nini hujificha. Mtu mzima mmoja ale naye sahani moja mbele ya kaka yake. Ningependa awe bibi.

Na bibi mwenyewe, nenda kwake kwa heshima, si kwa kumletea maneno ya daktari. Muulize walivyofanya zamani mtoto akiugua surua au tetekuwanga. Wazee wengi watakuambia mgonjwa alitengewa chombo chake, au nguo zake zilifuliwa peke yake. Akishasema hivyo mwenyewe, mtakuwa mmekubaliana bila mmoja kushindwa: sinia ibaki, mswaki na wembe na dawa viwe na wenyewe.

Zipo hali ambazo barua yangu haitoshi. Mtoto yeyote mwenye homa akipata degedege, akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila anachopewa au akipumua haraka kwa shida, mpelekeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Jicho jekundu lenye maumivu makali, lisilovumilia mwanga au lililopungua kuona halisubiri. Kikohozi cha wiki mbili, au mtoto asiyeongezeka kilo, kipimwe. Upande wa tabia, mpe mkubwa kama mwezi mmoja. Ukiona ananawa mpaka ngozi ya mikono inapasuka, anakataa chakula alichopika mtu mwingine, au anaamka usiku kwa hofu ya kuugua, hapo si ndugu wanaogombana tena. Vilevile mdogo akiendelea kujificha, akapungua uzito, akaacha kuongea na watu au akaanza tena kukojoa kitandani. Anzia kituo cha afya cha daraja la III au IV kilicho karibu, uombe barua ya rufaa kwa wahudumu wa afya ya akili. Kwenu hospitali ya rufaa ya mkoa ni Mbale. Siku utakayokwenda, beba kadi za chanjo za watoto wote wawili, na kama kuna mabaki ya dawa kabatini yabebe pia, uwaonyeshe.